Baba anasema haki za binadamu ni dini ya wazungu. Nisomee uhuru wa dini au niache?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga. Nina shahada ya sheria kwa GPA ya 3.6 na kwa miaka miwili nimekuwa nikisaidia kazi kwenye ofisi ya wakili. Moyo wangu uko kwenye haki za binadamu, hasa uhuru wa dini. Natamani kuwa mhadhiri na mtafiti. Baba yangu ni imamu wa msikiti wa mtaani kwetu. Anasema haki za binadamu ni dini ya wazungu, na nikizama humo nitarudi nyumbani sina imani. Baba mdogo anasema huko hakuna mkate, heri niende Law School niwe wakili. Nina akiba ya kuanzia jambo moja tu. Je, naweza kubaki Muislamu safi na nikawa mtafiti wa uhuru wa dini? Ajira ipo kweli? Nianze na lipi?"

Marahaba, binti yangu. Umefunga mambo matatu kwenye leso moja: imani yako, ridhaa ya baba, na mkate. Nitaanza na baba, kwa sababu naona ndiye anayekukosesha usingizi, na la mkate sitalikwepa.

Usimwambie baba kwamba amekosea. Nusu ya maneno yake ni kweli. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu lilipopigiwa kura Paris tarehe 10 Desemba 1948, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini ikitawaliwa na Mwingereza, Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wake, na Kenya ilikuwa koloni. Sisi hatukuulizwa. Afrika nzima iliwakilishwa na nchi nne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuusimika ubaguzi wa rangi, haikupiga kura ya ndiyo. Mzee akilisema hilo, mpe haki yake.

Nusu ya pili ndiyo isiyosimuliwa. Walioliandika Azimio lile hawakuwa wazungu watupu. Alikuwamo Charles Malik wa Lebanon, Peng Chun Chang wa China, na Hansa Mehta wa India, mama ambaye ndiye aliyesisitiza ibara ya kwanza iseme "binadamu wote" badala ya neno lililoweza kueleweka kuwa ni wanaume tu. Ubishi mkali kuhusu Ibara ya 18, inayotaja haki ya mtu kubadilisha dini, ulikuwa kati ya nchi za Kiislamu zenyewe. Saudi Arabia ilijizuia kupiga kura. Misri, Iraki, Syria, Irani, Uturuki na Afghanistan zilipiga kura ya ndiyo. Waziri wa Mambo ya Nje wa Pakistan, Muhammad Zafrulla Khan, alisimama akaitetea ibara hiyo kwa Kurani. Ukimweleza baba habari hii atakujibu kwamba Zafrulla Khan alikuwa Ahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaitambui kuwa ya Kiislamu, na kwake huyo si hoja. Ni kweli alikuwa Ahmadiyya. Mwaka 1974 nchi yake ilibadilisha katiba ikatangaza kwamba watu wa jumuiya yake si Waislamu, naye akiwa hai anasikia. Mwambie baba kwamba somo unalotaka kulisoma linaanzia hapo hapo alipokukatiza.

Sasa tuingie kwenye kitu chenyewe, maana hofu nyingi zinatokana na kudhani uhuru wa dini ni kitu kimoja. Ni viwili: kuamini na kudhihirisha. Kuamini kunakaa kifuani, na sheria haina mkono wa kufika huko. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao 1976, hauruhusu serikali kukigusa kifua hicho hata nchi ikiwa kwenye hali ya hatari. Kudhihirisha ni pale imani inapotoka nje ikawa adhana, kengele, hijabu, zafa la Maulidi, mkutano wa injili, mhadhara wa uwanjani. Hapo inakutana na majirani, na hapo mipaka inaruhusiwa, ila kwa masharti. Mpaka uwe umewekwa na sheria. Uwe na sababu iliyotajwa: usalama wa umma, utulivu, afya, maadili, au haki za wengine. Na usizidi kile kinachohitajika.

Wanafunzi wangu wengi huteleza hapa, kwa hiyo lishike mapema: "usalama wa taifa" haumo kwenye orodha hiyo. Umo kwenye ibara za kujieleza na za kukusanyika, kwenye dini haumo. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba sababu isiyotajwa pale haikubaliki, hata kama kwa haki nyingine inakubalika. Siku utakapoona nyumba ya ibada imefungwa na sababu iliyotolewa ni hiyo, tayari unalo swali la utafiti.

Nyumbani kwetu, Ibara ya 3 ya Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi "isiyokuwa na dini". Maneno hayo yamewaudhi masheikh na maaskofu wengi walioyasikia kama "nchi ya makafiri". Binafsi naona tungepata maneno bora. Maana yake ni kwamba mamlaka ya nchi haina upande. Ibara ya 19 ndiyo inayoijaza: mtu yuko huru kuamini, kubadilisha dini na kuitangaza, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mzee wako ananufaika na ibara hiyo kila Ijumaa, maana hotuba yake anaiandika mwenyewe.

Kuhusu imani yako, sitakudanganya kwamba masomo haya hayamgusi mtu. Mimi ni Mkristo, mtoto wa mwinjilisti, na nimeifanya kazi hii miaka mingi. Wapo niliosoma nao waliotoka bila dini, na wapo walioingia wakiwa vuguvugu wakatoka wakisali mara tano. Kinachokufa kwa karibu kila mtu ni ile raha ya kudhani kwamba wanaoonewa ni wa upande wako peke yao.

Msome Abdullahi An-Na'im wa Sudan. Alikuwa mwanafunzi wa Mahmoud Mohamed Taha, mzee wa miaka 76 aliyenyongwa Khartoum tarehe 18 Januari 1985, chini ya utawala wa Nimeiri, kwa kosa la kuritadi, baada ya kuandika kupinga namna sheria za dini zilivyokuwa zikitumika. Mwaka huo huo An-Na'im aliondoka nchini. Mwaka 1995 alianza kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, na kazi yake yote imezunguka hoja moja: Muislamu anahitaji dola isiyochukua upande ili awe Muislamu kwa ridhaa yake, kwani sala inayoswaliwa kwa kumwogopa askari haina nia. Wapo wanazuoni wanaompinga kwa nguvu na kwa elimu, nao wasome. Nakutajia yeye kwa sababu anajibu swali lako kwa maisha yake: hakuikana dini yake ili awe mtafiti.

Nikusimulie na langu. Nikiwa kwenye utafiti wa uzamivu nilifika chumba cha maiti cha hospitali moja ya wilaya. Familia mbili zilikuwa zimesimama pande mbili za mlango. Marehemu alizaliwa Yahya, akabatizwa Yohana alipooa, na miaka yake ya mwisho aliugua kiharusi na kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Huku sanda ilikuwa imeshakatwa, kule jeneza lilikuwa limeshapakwa vanishi, bado linanuka. Mfukoni nilikuwa na dodoso la maswali 24. Mjomba wa marehemu alinishika mkono, "Wewe msomi, sheria inasema maiti ni ya nani?" Jibu la darasani nilikuwa nalo, nikaona aibu kulitoa. Nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwa binti wa marehemu, kajifunika kanga, na tangu asubuhi hakuna upande uliomwuliza neno. Yeye ndiye aliyemuuguza. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kila alfajiri alikuwa akimtia baba yake udhu, mkono wa kulia kwanza, ule uliopooza, kwa kuwa mzee alikuwa haachi kuunyanyua kwa mkono mzima mpaka aumwagie maji. Saa kumi jioni mwenyekiti wa mtaa alifika, akamwuliza yeye. Mzee akazikwa kwa sanda, na waliokuja na jeneza wakashika makoleo pamoja na wengine.

Tasnifu yangu ilibadilika tangu pale. Niliacha kuhesabu kesi nikaanza kutafuta nani hakuulizwa.

Kuna mtihani ambao lazima uujue kabla hujaingia. Machi 2000, katika kijiji cha Mkuyuni, Morogoro, mhubiri wa Kiislamu aitwaye Hamisi Rajabu Dibagula alisema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, cha maneno ya kukusudia kuumiza hisia za dini za mtu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Mahakama ya Rufani iliifuta hatia hiyo. Mtu akitangaza anachokiamini, na imani hiyo ikapingana na ya jirani yake, hilo peke yake halithibitishi kwamba alikusudia kuumiza. Mimi maneno yale yananiuma. Hata hivyo kila mwaka nimesimama mbele ya darasa nikaieleza kwa nini hukumu ile ni sahihi, na naamini ni sahihi.

Mtihani wako ni wa upande wa pili. Ibara hiyo hiyo ya 19 inamlinda kijana wa mtaani kwenu atakayeamka kesho akasema anabatizwa. Utaweza kusimama naye baba akiwa anasikiliza? Sikuambii ufurahi, wala sisemi dini yako ilione jambo hilo kuwa sawa. Nauliza kama utaweza kusema kwamba asipigwe, asifukuzwe kazi, asinyang'anywe watoto. Ukijibu hapana, usione haya. Uwakili una kazi nyingi za heshima. Usiingie tu kwenye hii.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Karibu kila mtu niliyezungumza naye wakati ule, Muislamu kwa Mkristo, alikuwa upande wa shule. Watu wachache, wasiopendwa, wasio na mbunge: wateja wa fani hii wengi wako hivyo.

Na wengine hawana hata msikiti wala kanisa. Makau Mutua, Mkenya aliyefukuzwa chuo kikuu Nairobi akaja kumalizia sheria Dar es Salaam, ameandika kwa ukali kwamba uhuru wa dini kama ulivyozoeleka unawalinda wenye wamisionari na fedha, huku dini za wenyeji wa Afrika zikipondwa. Kesi mbili za Kenya zimempa nguvu. Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973 ili ipatikane hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikubali kwamba makaburi ya wazee wao na mahali pao pa matambiko palikuwa pale, na kuwazuia kufika ni kuwanyima dini. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikasema vivyo hivyo kuhusu Waogiek wa msitu wa Mau. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba Waogiek wameshakuwa Wakristo. Mahakama ikajibu kwamba si wote. Ukienda Pangani au Mkinga, tazama mibuyu iliyofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu. Sheria zetu hazijapata hata jina la kuwaita wanaokwenda pale.

Haya, mkate. Baba mdogo hajakosea sana. Vyuo vya umma hapa nchini kwa kawaida huajiri kuanzia GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza kwa ngazi ya chini kabisa ya ualimu, na shahada nzuri ya uzamili haiifuti ya kwanza. Kamati huziangalia zote mbili. Kwa 3.6, mlango huo kwa sasa umefungwa, na ni bora ulisikie kwangu kuliko kwenye barua ya majibu. Vyuo vingine vina viwango vyao, kwa hiyo soma kila tangazo neno kwa neno. Njia ya utafiti nje ya chuo iko wazi zaidi: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, mahakama mbili za kikanda zilizoko Arusha, na mashirika ya wakimbizi, ambako mtu anayesema amekimbia kwa ajili ya dini yake anahitaji mwanasheria wa kumsikiliza vizuri. Nafasi ni chache, na nyingi ni za mkataba.

Hata walio juu kabisa wanaishi kwa ualimu. Tangu 1986 Umoja wa Mataifa una mjumbe maalumu wa uhuru wa dini. Heiner Bielefeldt wa Ujerumani, Ahmed Shaheed wa Maldives na Nazila Ghanea wa Oxford, aliyeishika nafasi hiyo 2022, wote ni walimu wa vyuo vikuu. Ujumbe ule hauna mshahara.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: akiba yako ipeleke kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hiyo mnayoiita Law School, na uzamili uutafutie ufadhili. Najua sifa yake. Mwaka 2022 wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu moja kwa moja, nchi nzima ikazungumza. Nenda ukiwa umejiandaa. Sababu yangu si mkate peke yake. Kumbuka kesi ya hijabu ya Isiolo, iliyohusu wasichana wa Kiislamu katika shule iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliwaruhusu wavae. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo kwa sababu ombi lao halikuletwa kwa utaratibu uliotakiwa. Wasomi walikuwa wameshaandika makala nyingi za kuisifu hukumu ya kwanza. Hoja ya imani iliangushwa na mwenendo wa shauri, na mwenendo wa shauri unafundishwa Law School na kwenye ofisi unayofanyia kazi sasa.

Ukishakuwa wakili, omba ule uzamili wa haki za binadamu na demokrasia wa Pretoria. Umekuwapo tangu 2000, una ufadhili, na unasoma sehemu ya mwaka pale na sehemu katika chuo kingine barani. Dar es Salaam pia pametoa walimu wazito wa kuwasoma: Chris Maina Peter aliyekuwa kwenye Tume ya Sheria ya Kimataifa, na Issa Shivji, ambaye atakulazimisha uulize haki hizi zinamtumikia nani. Jambo moja la tahadhari: fedha za utafiti wa dini hutoka kwa serikali za nje na kwa jumuiya za dini zenye malengo yao. Chukua, ila andika wazi nani amelipa, na usikubali matokeo yako yapitiwe na mfadhili kabla ya kuchapwa.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla hujalipa ada popote, nenda na cheti chako cha matokeo ukakae na mhadhiri uso kwa uso. Ukifikia kuhoji watu waliobadili dini, usianze bila kibali cha utafiti na kamati ya maadili ya chuo, na majina yao usiyaandike kwenye simu. Daftari likipotea, mtu anaweza kupoteza nyumba. Ukitishwa, hifadhi ujumbe, nenda polisi na kwa wakili siku hiyo hiyo, usingoje uone kama wanatania. Na baba usimmalize kwa simu. Nenda na shangazi, au sheikh ambaye yeye mwenyewe humsikiliza, mkae baada ya Isha, na umwache aseme kwanza.

Mkikaa, chukua hukumu ya Dibagula. Iko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, haina malipo. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtafsirie baba aya kwa aya. Utagundua ni maneno mangapi ya fani hii bado hayana Kiswahili kilichotulia, na hiyo ni kazi ya miaka kumi inayomsubiri mtu. Kisha andika kurasa mbili. Ya kwanza umtetee mhubiri. Ya pili umsemee Mkristo wa Mkuyuni aliyesimama pale akasikia, kwa uzito ule ule. Mpe asome mtu wa kanisani unayemwamini. Akikwambia ukurasa wa pili hauna moyo, uandike upya kabla hujatuma ombi lolote.